Fedha Iliyo Njiani: Rasilmali ya Misafara ya Unguja

Mtu atakaye kuijua nguvu ya nyumba ya biashara aghalabu huuliza kwanza imepata faida kiasi gani, na jibu la swali hilo, hata likiwa la kweli tupu, laweza kumpoteza. Kwani faida huandikwa daftarini siku ile mali inapouzwa, hali fedha yenyewe huenda ingali mikononi mwa mdeni aliye mbali, au imelala ghalani katika sura ya bidhaa. Wahasibu wa zama hizi hulipima jambo hili kwa hesabu ya siku: bidhaa hukaa ghalani siku ngapi kabla ya kuuzwa, wadeni huchukua siku ngapi kulipa, na nyumba yenyewe hupewa muhula wa siku ngapi na wale wanaoidai. Mbili za kwanza hujumlishwa, ya tatu hutolewa, na baki ni muda ambao tajiri hana budi kuubeba kwa fedha yake mwenyewe au kwa fedha ya kukopa. Katika historia ya pwani yetu, hapana biashara iliyodhihirisha maana ya siku hizo kuliko biashara ya pembe za ndovu iliyotoka Unguja kwenda bara katika karne ya 19.

Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, Sultani wa Omani na Unguja, alifunga mkataba na Marekani, nao ukaweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoingia katika bandari zake. Merikebu za Salem, bandari ya Marekani, zikaleta kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Bidhaa hizo za kuingia zilipita mikononi mwa nyumba za Wahindi, aghalabu watu wa Kachi, ambao ndio waliowakopesha wenye misafara. Na baina ya nyumba hizo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa muda mrefu ni ile ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Sultani, na ambayo wakala wake Ladha Damji alijulikana na kila mgeni aliyetaka kuingia bara.

Msafara ulifungwa Bagamoyo. Merikani, kaniki na vitambaa vingine viliviringwa vikafungwa mitumba, kila mtumba wa mpagazi ukiwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70 hivi. Shanga zikatiwa mifukoni, na masango ya shaba yakafungwa mafungu. Hapo kwenye shanga ndipo palipohitaji akili nyingi kuliko mahali pote. Kila nchi ilikuwa na shanga yake: hapa walitaka samesame nyekundu, kule walitaka nyeupe, na penginepo waliipenda ya rangi fulani mwaka huu na kuikataa mwaka wa pili. Mfanyabiashara aliyekosea kuchagua alifika katikati ya nchi na mifuko imejaa, asiweze kununua hata chakula cha wapagazi wake. Katika daftari la Unguja mifuko ile ilikuwa mali, nayo ilihesabiwa kwa bei yake kamili. Katika soko la bara haikuwa kitu. Ndiyo sababu mhasibu mwenye busara haridhiki kuambiwa kuwa mali ya nyumba ni maradufu ya madeni yake, ila huuliza mali hiyo ni ya namna gani, iko wapi, na nani ataitaka.

Sasa na tuhesabu kwa mfano. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, mji mkuu wa Waarabu katika Unyanyembe, safari ilichukua kama miezi mitatu, na aliyetaka kwenda mbele mpaka Ujiji au Manyema aliongeza miezi mingine mingi. Kisha ipo miezi ya kununua pembe moja moja, miezi ya kutafuta wapagazi wa kurudi, na ya kungoja masika yapite. Tuseme mali imekaa nje miezi 18, nayo ni siku 540. Tuseme tena tajiri wa Unguja amepewa merikani na Mmarekani kwa muhula wa miezi sita, yaani siku 180. Baki ni siku 360, na kwa mwaka huo mzima yeye ametoa wala hajapokea. Na kila akiongeza misafara, ndipo upungufu wake wa fedha unapozidi, japokuwa faida yake juu ya karatasi inapanda. Jambo hili limeangusha nyumba nyingi za biashara, za zamani na za sasa, katika miaka ile ile iliyoonekana kuwa ya neema.

Nyumba ya Jairam haikuanguka, na sababu yake imo katika forodha. Ushuru ulipokewa siku zote merikebu na majahazi yalipoingia, na ijara ya Sultani ilikuwa ya mwaka. Kwa hiyo tajiri alishika fedha ya leo na kulipa ya baadaye, na fedha hiyo iliyopita mikononi mwake iliweza kuziba pengo la ile iliyokuwa njiani bara. Naamini hii ndiyo iliyokuwa hazina yake hasa, kupita hata faida ya ushuru wenyewe. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873, alieleza kuwa nyumba moja kuu ya Kihindi ilikuwa na zaidi ya pauni 400,000 zilizotolewa katika mikopo na rehani, na wadeni wake walikuwa tangu jamaa ya Sultani, na Waarabu wa mjini na wa bara, hata Wazungu na Wamarekani. Huo ulikuwa utajiri mkubwa sana, lakini ulikuwa utajiri wa watu kuaminiana, kwani sehemu yake kubwa haikuweza kuitwa nyumbani kwa siku moja.

Bei ziliwapa moyo matajiri. Kwa muda wa miongo mingi pembe ilizidi kupanda, kwa kuwa huko Ulaya na Marekani ilitakiwa kwa vinanda, vitana na vishikizo vya visu, hali merikani haikupanda pamoja nayo, isipokuwa katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ilipoadimika. Lakini bei nzuri haifungui njia iliyofungwa. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikazibwa. Pembe zilizokwisha kununuliwa zikalala, mitumba iliyokuwa ikienda ikasimama, na muhula wa madeni huko Unguja ukaendelea kuhesabiwa kama kwamba hakuna kilichotokea. Mfanyabiashara wa pembe Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliondoka pwani karibu na mwaka 1870 kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, asirudi Unguja ila mwaka 1882. Mdeni wa namna hiyo, kwa hesabu ya siku peke yake, ni mdeni aliyepotea. Hata hivyo alirudi na pembe nyingi. Taria alimngoja kwa kuwa alimjua mtu wake na kwa kuwa rasilmali yake iliweza kungoja, na tajiri mdogo aliyemwamini mtu kama huyo vivyo hivyo angalifilisika kabla ya mwaka wa tatu.

Wala haifai kuzisoma siku hizi kana kwamba ni za fedha tu. Zilikuwa siku za mabega ya Wanyamwezi na watu wengine waliochukua mizigo, na za watumwa waliofungwa minyororo, wakaandikwa pamoja na mali nyingine na hata kuwekwa rehani. Mzunguko uliokwenda polepole ulilipiwa na wao kwa njaa, ndui na mauti, na hapana daftari lililowahesabia.

Katika mashamba ya karafuu taabu ilikuwa ya namna nyingine. Mkarafuu hutaka miaka sita au saba kabla ya kuzaa kitu, na mavuno yake huwa mengi mwaka mmoja na haba mwaka wa pili. Hata hivyo wenye mashamba waliyaendesha kwa fedha ya muhula mfupi, waliyoipata kwa kuliuza shamba bei ya hiyari, yaani kwa sharti la kulikomboa, kwa vile riba ni haramu. Tufani ya mwaka 1872 ilipong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, mali ya kulipia deni iliondoka kwa siku moja na deni likabaki. Madeni yakarithiwa, wana kwa wajukuu, hata bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, Serikali ikaona haina budi kuingilia kati. Mwaka 1934 ikatoa sheria za kusimamisha madai na kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine, ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Na mwaka 1937, chama hicho kilipopewa mamlaka juu ya ununuzi wote, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Bara Hindi, mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu ya Unguja. Chama kikawa kimelipa wakulima na karafuu imejaa ghalani, kikibeba chenyewe siku zile zile ambazo matajiri wa kale walizibeba, mpaka mwaka 1938 pande mbili zilipopatana kuwa wafanyabiashara wauzao karafuu nje watarudi sokoni na watanunua sehemu ya karafuu zao kwa chama.