Maasi ya Tanganyika Rifles

Maasi ya Tanganyika Rifles yalikuwa uasi wa wanajeshi wa Tanganyika ulioanza usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, sasa Lugalo, Dar es Salaam. Kiini chake kilikuwa mamlaka: miaka miwili baada ya uhuru, masajenti wazoefu bado waliamriwa na maofisa Waingereza, wakiwemo maluteni vijana. Waasi, akiwemo Sajenti Francis Hingo Ilogi, waliwakamata maofisa hao, wakaizingira Ikulu, Kivukoni, wakadai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Waziri Oscar Kambona alizungumza nao. Makomando wa Uingereza waliuzima uasi 25 Januari. Jeshi hilo lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa 1 Septemba 1964, chini ya Mrisho Sarakikya.