Mkutubi na Ufunguo wa Kabati

Historia ya maktaba nchini mwetu husimuliwa zaidi kwa majengo na sheria. Ni nadra kutajwa yule aliyeketi mezani na daftari la kuazimia, ingawa mageuzi mengi yalifaulu au yalikwama mikononi mwake.

Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Watumishi nao waliandaliwa: vijana walipelekwa Makerere, kwenye shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1963. Hivyo uongozi ulipotoka kwa E. M. Broome, Mwingereza, alikuwapo Mtanzania wa kuupokea, E. E. Kaungamno. Sheria ya 1975 iliongeza mafunzo ya wakutubi katika kazi za Bodi, na mwaka 1989 chuo chao kikaanzishwa Bagamoyo.

Vijijini mambo yalikuwa mengine. Kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 ilizaa maktaba ndogo ndogo, zikashikwa na wanakijiji wa kawaida, wengi kwa posho ndogo au kwa kujitolea. Mwaka 1972 Madaraka Mikoani yalifuta halmashauri. Mwaka 1984 zikarudi. Kila mara wakubwa walibadilika.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe nilikuta kabati zuri limepigwa kufuli. Mtunzaji alikuwa ameonywa kwamba kitabu kikipotea atakilipa yeye. Hakuelezwa sasa ampelekee nani orodha ya vilivyochakaa. Basi akafunga. Vitabu vikabaki vipya, na watu waliohitimu kisomo wakaanza kusahau herufi. Sikumlaumu, alipewa dhamana bila madaraka.

Mwaka 2012 Njombe ilitengwa na Iringa, ikawa mkoa. Mafaili, magari na samani hugawanyika kwa barua moja. Ujuzi wa mtu anayefahamu wasomaji wake haugawanyiki hivyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kupanga upya maktaba yoyote, mkutubi aulizwe, afundishwe, na apewe ruhusa ya kufuta kitabu kilichokwisha na kuagiza kinachotakiwa. Bila hayo, tutabadilisha kibao cha mlangoni na kufuli litabaki lile lile.