Injini Ndogo za Mvuke na Ufundi wa Chuma cha Kusubu Uingereza

Mwishoni mwa karne ya 19, wakati mvuke ulipokuwa bado ukiendesha viwanda, migodi na vituo vya kusukuma maji vya Uingereza, ulienea nchini humo ufundi wa kuunda nyumbani nakala ndogo za injini zenye kufanya kazi kweli. Nyingi ziliiga injini za mahali pamoja, yaani zile zilizofungwa kwenye msingi ndani ya kiwanda ili zizungushe mitambo kwa mikanda, tofauti na zile za garimoshi au meli. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jarida la The Model Engineer, na mwaka huohuo kikaundwa jijini London chama cha wapenzi wa ufundi huo.

Kikwazo kilikuwa chuma chenyewe, kwa kuwa kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu ya mchanga, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi, ambalo karani au mwalimu asingeweza kulipata nyumbani kwake. Aliyesaidia sana kuondoa kikwazo hicho ni Sidney Marmaduke Stuart Turner, mtunzaji wa mitambo katika jumba la Shiplake Court, karibu na Henley-on-Thames, ambaye alibuni injini ndogo, akasubisha vipande vyake, kisha akaanza kuwauzia wengine vipande hivyo vikiwa vibichi, yaani bado havijachongwa, pamoja na mchoro. Mwaka 1906 biashara hiyo ikawa kampuni.

Mnunuzi hakupokea injini, bali kazi. Silinda, kitako na gurudumu zito linalotuliza mwendo vilikuwa vimesubiwa vinene makusudi, ili chuma cha ziada kiondolewe kwa kerezo, mashine inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga. Chuma cha kusubu huwa na gamba gumu lililonasa chembe za mchanga, hivyo kisu sharti kizame chini ya gamba hilo tangu mkato wa kwanza, la sivyo makali hufa papo hapo. Chini yake chuma ni laini, na hukerezwa bila mafuta kwa sababu kina grafati, yaani kaboni iliyojitenga katika vipande vyembamba, inayolainisha mkato na kuacha vumbi jeusi mikononi mwa fundi. Katika 10V, injini mashuhuri ya Stuart Turner, tundu la silinda lina kipenyo cha robo tatu ya inchi, takriban milimita 19, na pistoni husafiri umbali huohuo. Kwa udogo huo, kosa dogo tu huvujisha mvuke. Uso ambao valvu huteleza juu yake husuguliwa kwa unga wa msasa juu ya kioo kinene hadi unyooke kabisa, na hapo ndipo ustadi wa mjenzi hupimwa kuliko popote pengine. Kwa hiyo si haki kuziita injini hizi vitu vya kuchezea.

Kerezo za bei nafuu, kama zile za Drummond za Guildford na baadaye ML7 ya Myford iliyotoka mwaka 1946, ziliufikisha ufundi huu katika vibanda vingi vya uani. Kampuni ya Stuart Turner yenyewe hatimaye ilibaki na pampu za maji, na biashara ya injini ndogo ikapita mikononi mwa wengine, lakini vipande vibichi vya 10V vinauzwa hadi leo.