Urithi wa Klasi na Ujio wa Violesura

Urithi wa klasi ulizaliwa Oslo, nchini Norway, katika lugha ya programu iitwayo Simula 67. Waasisi wake, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wakitafuta namna ya kuigiza kwenye kompyuta daraja lenye kibanda cha ushuru na foleni ya malori na mabasi. Lori si basi, lakini yote hupanga foleni. Wakaamua sifa za pamoja ziandikwe mara moja katika klasi mama, kisha klasi nyingine zizirithi.

Ila mrithi hachagui: hubeba yote, mema na mabaya. C++, iliyoanzishwa na Bjarne Stroustrup mwaka 1979, iliongeza mzigo huo ilipofikia 1989, kwa kuruhusu klasi kuwa na wazazi zaidi ya mmoja. Wazazi wawili wakiwa na babu mmoja, mjukuu hujikuta na nakala mbili za mali ya babu, mwandishi wa programu asipochukua tahadhari.

Java, iliyotangazwa na Sun mwaka 1995, iliamua klasi iwe na mzazi mmoja tu, ila violesura vingi. Kiolesura ni orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kuzifanya, bila kusema itazifanyaje. Wazo hilo lilitoka katika lugha ya Objective-C.

Ajabu ni kwamba Java yenyewe iliteleza. Klasi yake ya Stack ni rundo: kinachowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Waliounda klasi hiyo waliirithisha kutoka Vector, ambayo ni orodha ya kawaida, na kwa hiyo yeyote anaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo. Kanuni ya rundo ikavunjwa na urithi uliokusudiwa kupunguza kazi tu. Tangu Java 6 ya mwaka 2006, maelezo rasmi ya lugha hiyo yanapendekeza kiolesura cha Deque badala yake. Stack haikuondolewa, kwani programu nyingi za zamani zinaitegemea.

Onyo lilikuwa limeshatolewa mwaka 1994 katika kitabu cha Design Patterns cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, kilichoshauri vitu viunganishwe badala ya kurithishana. Java 8 ya mwaka 2014 ilififisha kidogo mpaka kati ya klasi na violesura, iliporuhusu violesura kubeba utekelezaji wa kazi. Go, iliyotolewa na Google mwaka 2009, haina urithi wa klasi kabisa. Humo aina ya data hutimiza kiolesura kwa kuwa na kazi zinazotakiwa tu, bila hata kukitaja.