Nani Analipia Kidonge?

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ugonjwa haukuwa na jina, watu wakaupa la kwao: Juliana, jina la nguo za fasheni zilizoletwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Waganda nao waliuita Slim, kwa jinsi ulivyokondesha. Baadaye mitaani mtu akawa "ana ngoma" au "kakanyaga miwaya". Majina yalikuja haraka. Dawa ilichukua miaka ishirini.

Tatizo kubwa lilikuwa bei. Mwaka 1996 ilishathibitika kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unafubaza virusi, lakini tiba hiyo iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa muuza dagaa wa Bukoba, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa hakuna dawa.

Wakubwa wa misaada waliona tiba si ya Afrika. Sisi tupewe kinga tu. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa USAID, alidai kuwa Waafrika wengi hawajawahi kuona saa, kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Miaka michache baadaye utafiti ulionyesha wagonjwa wa Afrika wakifuata dozi vizuri kuliko wenzao wa Amerika Kaskazini.

Mwaka huohuo wa 2001 mambo yaligeuka. Kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizohizo kwa dola 350 kwa mwaka. Kampuni 39 zilizoishtaki serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya dawa zilifuta kesi, baada ya wanaharakati kupiga kelele dunia nzima. Kenya ikapitisha sheria iliyofungua mlango wa dawa nafuu.

Hapo ndipo pesa zilipofuata. Mfuko wa Dunia ulianza 2002. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Tusipindishe maneno: mpango huo uliokoa mamilioni ya watu. Wapo wazazi walioshuhudia harusi za watoto wao kwa sababu yake.

Ila mwenye pesa alikuja na masharti. Mwanzoni theluthi moja ya fedha za kinga ilitengwa kuhubiri kujizuia hadi ndoa, hata kwa mwanamke aliyeambukizwa na mumewe ndani ya ndoa hiyohiyo.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa, lakini watumishi wengi waliolipwa na miradi walishaambiwa wakae nyumbani. Kidonge kinaweza kuwepo stoo, na wa kumfuatilia mgonjwa asiyerudi kliniki asiwepo.

Tunapenda kusema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwenye methali anayetegemea ndiye anayelaumiwa. Kwenye UKIMWI anayekufa si aliyeamua kutegemea. Waliokaa Abuja Aprili 2001 na kuahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya walikuwa marais; nchi chache mno zimewahi kuifikia.

Haikuwa ndoto. Zimbabwe, nchi isiyosifika kwa uchumi, inakata asilimia 3 ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI tangu 2000. Tanzania ilianzisha mfuko wake wa UKIMWI 2015, ila sehemu kubwa ya bili iliendelea kulipwa nje.

Misaada ilitununulia miaka zaidi ya ishirini. Swali la kuuliza kila Juni, bajeti inaposomwa, ni tuliifanyia nini miaka hiyo.