Mkono wa Mchi na Ungo
Mpunga ulienea huku Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, na ukaipa mikono ya hapa kazi mbili zisizofanana. Anayetwanga hukamata mchi kwa kiganja kizima. Anayechagua mchele ungoni hutoa kijiwe kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Mkono uleule unaziweza kazi zote mbili kwa sababu nguvu yake kubwa haikai mkononi. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Shika kigasha chako, kisha kunja ngumi: kinachocheza chini ya ngozi ndicho kinachovuta vidole, kwa kano zinazopita kwenye kifundo. Kiganjani imebaki misuli midogo tu, iliyo minene zaidi kwenye shina la gumba, na vidole vikapata kuwa vyembamba.

Atakuwepo wa kusema kwamba hata sokwe ana gumba. Anacho, ila ni kifupi mno kando ya vidole vyake virefu vya kushikia matawi, kwa hiyo kitu kidogo mara nyingi hukibana kwenye ubavu wa kidole. Wala tofauti hii haikusubiri ubongo mkubwa. Mifupa ya mkono iliyofukuliwa Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 ni ya *Homo habilis*, kiumbe ambaye ubongo wake ulikaribia nusu tu ya wetu, na bonde hilohilo limetoa zana za mawe za zama zake.