Kishikwambi
Neno hili, yaani tableti, lilienea Tanzania wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakibofya vioo vya vishikwambi badala ya kujaza karatasi. Baadaye Serikali ikavigawa vishikwambi hivyo kwa walimu, kwa hiyo hata mwalimu wa Kibimba, mbali kabisa na Dar es Salaam, analijua. Nalipenda mno. Kishikwambi changu, vishikwambi vyetu: linakaa ulimini kama kitabu na vitabu, wala sioni sababu ya muuzaji kung'ang'ania tableti. Nawe mwalimu uliyepewa kishikwambi, kiwekee nywila, na maksi za wanafunzi zinakili pia kwenye flashi. Kioo kikipasuka wiki ya kufunga shule, ripoti zitajazwa kutoka kwenye flashi hiyo.